Mwalimu na Comrades: Kujiandaa kwa Kilomita 90 kutoka Lubumbashi Bila Kuliacha Darasa

Mkaaji wa Lubumbashi anayetaka kujua mbio za Comrades ni ndefu kiasi gani, na apande basi la Kasumbalesa: kutoka mjini mpaka mpakani ni karibu umbali huohuo, na abiria hufika wamechoka ingawa walikuwa wamekaa. Mbio hizo hufanyika kila mwaka kati ya Durban na Pietermaritzburg, nchini Afrika Kusini, kwa umbali wa karibu kilomita 90, ukipungua au kuzidi kidogo kulingana na njia ya mwaka husika. Kuna miaka ya kupanda kutoka baharini kwenda bara, na miaka ya kushuka kutoka bara kwenda baharini. Muda unaotolewa ni saa 12 tangu bunduki ya kuanzia ilie. Saa hizo zikitimia hulia bunduki nyingine, mstari wa mwisho hufungwa, na aliyebakiwa na hatua tatu hahesabiwi, hata akiwa ametembea siku nzima kwa ajili ya hatua hizo.

Zilianza tarehe 24 Mei 1921, wakimbiaji 34 walipoondoka Pietermaritzburg kwa wito wa Vic Clapham, aliyetaka kuwakumbuka askari wenzake waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa miaka mingi watu weusi na wanawake hawakuruhusiwa kuandikishwa rasmi. Robert Mtshali alikimbia mwaka 1935 bila kuhesabiwa, na ilibidi kungoja hadi 1975 ndipo mlango ukafunguliwa kwa wote. Leo hushiriki watu karibu 20,000, na wengi wao hawakuja kushinda. Ni makarani, wauguzi, wachimba madini na walimu ambao lengo lao ni kufika kabla ya bunduki ya pili.

Maelezo haya ni kwa mwalimu wa namna hiyo: yule ambaye tayari amezoea kukimbia saa moja bila kusimama, hana kocha, na hawezi kumwomba prefe, yaani mkuu wa shule, likizo ya kufanya mazoezi. Wengi hudhani kinachomzuia mwalimu ni ukosefu wa saa. Kwa maoni yangu saa zipo, tena mwalimu anazo kuliko dereva au muuza duka. Kinachokosekana ni mwanga na miguu iliyopumzika, na mpango wowote usioanzia hapo utavunjika kabla ya Noeli.

Mwezi wa sita

Kabla ya mwanga na miguu, liko tatizo la kalenda. Comrades kwa kawaida huangukia mwezi wa sita, na kwa mwalimu wa Kongo hakuna mwezi mbaya kuliko huo. Ni mwezi wa mitihani ya mwisho wa mwaka, wa marundo ya kopi za mitihani, wa kujaza pointi kwenye daftari, wa deliberasyo (kikao cha kupitisha matokeo) na proklamasyo (kuyatangaza), na mwenye finalisti, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, ana Exetat, mtihani wa taifa, ya kuwaandalia. Mtu akilipa ada ya kujiandikisha kwanza, kisha akaenda kuomba ruhusa mwezi wa tano, atanyimwa, na kusema kweli anayemnyima atakuwa na haki.

Ruhusa hiyo iombwe mwezi wa tisa, shule zinapofunguliwa, na mwalimu asiende mikono mitupu. Aende na karatasi inayoonyesha siku anazohitaji, jina la mwenzake aliyekubali kusimamia mitihani yake, tarehe atakayokabidhi maswali yakiwa yamechapwa na kufungwa, na mahali somo lake litakapokuwa limefika kufuatana na previzyo, yaani mpango wa masomo, ya mwaka. Prefe husikiliza zaidi maombi yaliyokwisha kujibu maswali yake. Mwenzako anayekubali kukusimamia naye alipwe kwa namna hiyohiyo: chukua zamu zake za usimamizi wakati wa mitihani ya muhula wa kwanza, bila kungoja akukumbushe. Na ukishakubaliwa kwa mdomo, andika barua ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, kwa sababu kati ya mwezi wa tisa na wa sita prefe anaweza kuhamishwa.

Baada ya hapo, kalenda ya shule iwe ndiyo kalenda ya mazoezi. Kuanzia mwezi wa tisa mpaka Noeli jenga mazoea tu, kilomita 35 hadi 40 kwa wiki, bila haraka yoyote. Kuanzia mwezi wa kwanza panda taratibu hadi 50, na kati ya mwezi wa tatu na wa nne ufikie 60 au 70. Juma la mitihani ya muhula wa kwanza punguza kwa nusu bila kujuta, kwa kuwa kilomita zilizokimbiwa baada ya usiku wa kusahihisha humchosha mtu kuliko zinavyomjenga. Likizo ya Pasaka ni hazina: hapo ndipo pa kuweka mbio ndefu kuliko zote, za kilomita 45 hadi 50, kwa sababu kesho yake hutasimama mbele ya ubao. Kisha jambo moja linamwangukia mwalimu kwa bahati njema. Majuma matatu ya mwisho kabla ya Comrades kila mkimbiaji anatakiwa kupunguza mazoezi hadi nusu, halafu hadi robo, ili mwili urudishe nguvu. Na ni majuma hayohayo ambayo mwalimu anaandika maswali ya mitihani na kumaliza marudio. Mwenye kazi nyingine huhangaika wakati huo, hajui afanye nini na saa zilizobaki. Wewe hutahangaika.

Kuna sharti lingine la kuwekwa kwenye kalenda mapema: huruhusiwi kuanza Comrades bila kuwa umemaliza marathoni inayotambuliwa, kilomita 42.195, na katika miaka ya karibuni muda uliotakiwa umekuwa chini ya saa 4 na dakika 50. Hiyo ni chini kidogo ya dakika 7 kwa kila kilomita. Kwa mtu wa Lubumbashi, marathoni ya Victoria Falls ni mojawapo ya zilizo karibu, lakini hukimbiwa katikati ya mwaka, kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba tarehe yake imo ndani ya kipindi kilichotangazwa na waandaaji. Ya Soweto huwa mwezi wa kumi na moja, na ya Kilimanjaro, mjini Moshi, huwa mwishoni mwa mwezi wa pili. Kujiandikisha kwa Comrades kwenyewe hufunguliwa miezi mingi kabla, na nafasi huisha upesi.

Mwanga

Mwalimu wa vakasyo (zamu) ya asubuhi anapigiwa kengele saa moja na nusu. Akiamka saa kumi na nusu alfajiri, akatoka saa kumi na moja, anaweza kukimbia kilomita nane hadi kumi, akaoga, akanywa chai na kufika shuleni kabla ya wanafunzi kupanga mistari. Hesabu hiyo ni nzuri kwenye karatasi. Barabarani, saa kumi na moja kamili bado ni giza: mifereji haina vifuniko, mbwa wako huru, na taa za barabarani haziwaki kila mtaa. Mwezi wa kumi na mbili kunapambazuka kabla ya saa kumi na mbili, lakini kadiri kiangazi kinavyokaribia mapambazuko yanachelewa, na mwezi wa tano utajikuta nusu ya njia hujaona jua.

Upande wa pili wa siku nao una giza lake. Kopi zinataka mwanga, na umeme wa jioni hauna ahadi. Kwa hiyo mwanga uliopo ugawanywe kwa makusudi, wa asubuhi uwe wa miguu na wa mchana uwe wa kopi. Saa zisizo na somo katikati ya ratiba, ambazo walimu wengi huzimalizia kwenye mazungumzo ya ofisini, ndizo za kusahihisha, na saa moja baada ya vakasyo, kabla ya kufunga mfuko, ni ya kumalizia. Usibebe kopi kurudi nazo nyumbani ikiwa unaweza kuziacha zimekwisha. Darasa la wanafunzi 60 husahihishwa haraka zaidi swali kwa swali kuliko kopi kwa kopi: fungua kopi zote kwenye swali la kwanza, sahihisha zote, rudi mwanzo kwa swali la pili. Jicho linashika jibu moja tu kwa wakati mmoja, mkono unakwenda wenyewe, na pointi zinakuwa za haki zaidi, kwa kuwa mwanafunzi wa mwisho hapimwi na mwalimu aliyechoka kuliko aliyempima wa kwanza.

Wiki ya kawaida katikati ya mwaka inaweza kwenda hivi. Jumatatu usikimbie, kwa sababu jana yake ulikimbia mbali, na tena kuna bendera, matangazo na siku nzima ya kusimama. Jumanne kilomita 10 za taratibu, Jumatano nane, Alhamisi 12 ambazo ndani yake kuna vipande vya dakika tano tano vya kasi ya kukuhemesha kidogo. Ijumaa pumzika au tembea. Jumamosi, kama shule yenu inafundisha hadi mchana, kimbia kidogo jioni au usikimbie kabisa. Mbio ndefu ni za Jumapili.

Na Jumapili ina ibada. Hapa kila mmoja ajipange kwa dhamiri yake, lakini anayesali Misa ya pili anaweza kutoka saa kumi na nusu alfajiri na kukimbia saa tatu, ambazo kwa mwendo wa dakika 7 kwa kilomita ni kama kilomita 25, akarudi, akaoga na kufika kanisani kabla ya wimbo wa kuingia. Aliye mwanakwaya, au anayesali mahali ambapo ibada huisha saa nane, azungumze na viongozi wake ili Jumapili moja kati ya mbili iwe huru. Mbio ndefu kila baada ya majuma mawili zinatosha kwa anayetaka kumaliza tu. Mbio hizo za gizani usizikimbie peke yako. Kundi la watu wanne wenye taa za kichwani na fulana za kuakisi mwanga ni salama kuliko mtu mmoja mwenye mbio kali. Kwa mama mwalimu neno hilo lina uzito zaidi. Yeye pia, kabla ya kuwapangia wanafunzi ratiba, huwa amekwisha kuwapangia watu wa nyumbani mwake chai na sare, kwa hiyo makubaliano na mume, dada au watoto wakubwa kuhusu nani atawasha mbabula, jiko la makaa, asubuhi ya Jumanne na Alhamisi ni sehemu ya mazoezi sawasawa na viatu.

Mwenye vakasyo ya mchana anaonekana kuwa na bahati, maana asubuhi yote ni yake. Hatari yake ni kuitumia yote. Akikimbia kilomita 18 Jumanne kwa kuwa muda upo, atasimama darasani kwa muda wa saa tano akiwa na miguu ya mzee, na wanafunzi wa saa ya mwisho ndio watakaolipa.

Miguu ya mwalimu

Vitabu vingi vya mazoezi vimeandikwa kwa mtu anayekaa ofisini. Mwalimu hakai. Anasimama saa tano au sita, anazunguka kati ya madawati, anapanda na kushuka jukwaa la ubao, na kisha wengi wetu hurudi nyumbani kwa miguu. Kazi hiyo ihesabiwe. Mtu anayetembea kilomita tatu kwenda shuleni na tatu kurudi ana kilomita 30 za kutembea kwa wiki, na katika Comrades kutembea ni silaha, kwa sababu mtu wa kawaida hawezi kuikimbia milima yote. Tembea kwa haraka, mikono ikifanya kazi, kana kwamba kengele imekwisha kulia. Usiitembee njia hiyo kwa viatu vya ngozi vyenye soli nyembamba. Viweke shuleni kwenye kabati, njiani vaa raba.

Darasani, jifunze kukaa. Kuna walimu wanaoona aibu kukaa mbele ya wanafunzi kana kwamba ni uvivu, lakini wanafunzi wanaponakili muhtasari hakuna kinachomlazimu mwalimu kusimama. Anayelazimika kusimama aweke mguu mmoja juu ya jukwaa kwa dakika chache, kisha abadilishe, jambo linalopunguza mzigo wa mgongo na kuzuia damu kutuama kwenye vifundo. Maumivu ya kisigino yanayouma zaidi hatua za kwanza za asubuhi, kisha yakapoa, ni ishara ya utando wa unyayo kuchoka, na walimu huupata ugonjwa huo hata bila kukimbia. Viringisha chupa ya maji chini ya unyayo wakati wa kusahihisha, nyosha misuli ya vigimbi kwa kusukuma ukuta, na upunguze kilomita kabla hayajakulazimisha kuacha kabisa.

Jambo jingine ni maji. Mwalimu hujinyima maji asubuhi nzima ili asiache darasa kwenda chooni, huku akipiga kelele juu ya vichwa 60 na kumeza vumbi la chaki. Aliyekimbia alfajiri akafanya hivyo atamaliza siku akiwa na kichwa kinachouma, na atadhani mazoezi ndiyo yamemzidi. Chupa iwe juu ya meza, unywe kidogo kidogo kila saa moja inapobadilika.

Kuhusu viatu, wengi tutanunua mitumba, na mitumba mizuri ipo, lakini vichunguzwe kwa mkono, usiishie kwenye rangi. Kiweke kiatu juu ya kitu bapa ukitazame kwa nyuma: kikilala upande mmoja, mwenye nacho wa kwanza alikimaliza. Bonyeza soli ya katikati kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao au ikiwa na mikunjo mingi ubavuni, sponji yake imekufa hata kama soli ya chini bado ina meno. Kikunje, nacho kipinde mahali vidole vinapopindia, si katikati ya unyayo. Chukua kinachozidi mguu wako kwa upana wa kidole, kwa sababu baada ya saa sita za mbio mguu huvimba. Na kiatu cha siku ya mbio kiwe kimekwisha kukimbiwa mara kadhaa, kisitoke sokoni kwenda Durban moja kwa moja.

Milima tusiyo nayo

Lubumbashi iko juu ya uwanda wa takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kimo hicho ni faida ndogo ya kushuka nayo Durban. Tatizo ni kwamba uwanda huo ni tambarare. Njia ya Comrades ina vilima vitano vilivyopewa majina na kuogopwa: ukitoka Durban unakutana kwanza na Cowies Hill, halafu Fields Hill, Botha's Hill na Inchanga, na mwisho Polly Shortts, ambacho kwa wanaopanda kinakuja zikiwa zimebaki chini ya kilomita kumi, miguu ikiwa haina kitu tena.

Barabara ya Kasapa kuelekea chuo kikuu na mitaa ya Golf yenye miti inafaa kwa mbio za kawaida, na mzunguko mfupi unaopita karibu na nyumbani una faida ya kukuwezesha kunywa maji kila unapopita, badala ya kubeba lita mbili. Barabara ya Kipushi ni ndefu na inanyooka, lakini malori ya madini na vumbi vyake vinaifanya iwe ya Jumapili alfajiri tu. Kimbia upande wa kushoto, ukiyatazama magari yanayokuja. Ila hakuna hata moja kati ya hizo itakayokufundisha kilima. Kilima utakipata kwenye ngazi. Shule yenye ghorofa mbili, jioni wanafunzi wakishaondoka, inatosha: panda kwa mwendo wa kawaida, shuka polepole ukihesabu, dakika 20 mara moja kwa wiki kuanzia mwezi wa kwanza, ukiongeza hadi 40. Mwombe mlinzi ruhusa, na usishangae akikuita kichaa kwa heshima.

Kushuka ndiko kunakodharauliwa. Misuli ya mapaja hupasuka nyuzi ndogo ndogo inapofanya kazi ya kufunga breki huku ikirefuka, na ndiyo sababu mwaka wa kushuka huwaacha watu hawawezi kukaa kwenye kiti kwa siku kadhaa. Misuli iliyozoeshwa mapema haiumii sana, na mazoea hayo hayapatikani kwa kukimbia tambarare tu, hata ukimbie wapi. Kwa hiyo, kama mwaka wako ni wa kushuka, ongeza ngazi za kushuka, ongeza kuchuchumaa taratibu, na uyaache mazoezi hayo siku kumi kabla ya safari.

Mwendo wenyewe ni hesabu nyepesi. Kilomita 90 kwa saa 12 ni dakika 8 kwa kilomita, kutembea, kunywa na kujisaidia vikiwa ndani. Anayetaka medali ya shaba lazima amalize chini ya saa 11, yaani dakika 7 na sekunde 20 kwa kilomita. Atakayefika kati ya saa 11 na 12 hupewa medali yenye jina la Vic Clapham. Njiani pia kuna vituo vyenye saa zao za kufungwa. Jizoeze tangu mwanzo kukimbia dakika tisa na kutembea moja, hata siku unayojisikia una nguvu, kwa kuwa anayengoja kuchoka ndipo atembee hawezi tena kuanza kukimbia.

Chakula, maji na homa

Usiku wa kuamkia mbio ndefu, bukari (ugali) na samaki au kuku yatosha. Sombe (kisamvu) na maharagwe ni chakula kizuri cha siku nyingine, lakini makapi yake yatakusumbua tumboni kilomita ya 15. Asubuhi kunywa chai yenye sukari, kula vitumbula viwili au ndizi, na utoke. Katika mbio zinazozidi saa mbili unahitaji kula njiani, na tumbo hufundishwa kama miguu: ndizi mbivu, vipande vya chungwa, viazi ulaya vilivyochemshwa na kunyunyiziwa chumvi. Sikuchagua hivyo kwa bahati, kwani ndivyo utakavyokuta kwenye meza za Comrades pamoja na soda.

Maji huko hutolewa katika vifuko vidogo vya plastiki, na hapa mtu wa Lubumbashi ana mafunzo ya utotoni ambayo Mzungu hana. Hata hivyo, kukipasua kifuko kwa meno ukiwa umesimama kwenye kivuli ni kitu kimoja, na kukipasua ukikimbia bila kujimwagia chote kifuani ni kingine. Ng'ata kona ndogo tu, kamua kinywani taratibu, kilichobaki jimwagie shingoni. Usinywe kupita kiu. Maji mengi bila chumvi hupunguza madini ya damu na yanaweza kumwangusha mtu kuliko kiu yenyewe. Kwa mazoezi, lita moja ya maji safi yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa, ni sawa na vingi vinavyouzwa kwa bei ya juu. Munkoyo, kinywaji chetu cha kienyeji, ungojee nyumbani baada ya kuoga.

Vidonge vya maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki visimezwe wakati wa mbio ndefu, kwa sababu mwili uliopungukiwa maji ukiongezewa dawa hizo unaweza kuharibu figo. Na homa ni homa. Mazoezi yako yanaangukia msimu wa mvua, ambao ndio msimu wa malaria, kwa hiyo ukiamka mwili unauma kwa namna isiyo ya miguu, usitoke, pima kwanza. Ikiwa ni malaria, maliza dawa zote, kisha rudi kwa kutembea wiki nzima kabla ya kukimbia. Wiki mbili zilizopotea mwezi wa pili hazikuondoi Comrades.

Safari na kurudi

Visa ya Afrika Kusini iombwe mapema, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe na pasipoti muda wote. Kwa basi ni zaidi ya kilomita 2,000 kupitia Zambia, pamoja na mipaka na usiku wa kukaa wima, kwa hiyo panga kufika angalau siku tatu kabla ya mbio. Ndani ya basi simama kila linaposimama. Chukua nguo za zamani za joto utakazozitupa njiani, kwa maana mbio huanza kabla ya jua kuchomoza na majira yao ya baridi hayafanani na baridi yetu, hasa bara.

Kopi zako zitakuwa zinakungoja. Kama mlivyopatana, mwenzako amesimamia mitihani lakini kusahihisha ni kwako, na siku nne za kwanza baada ya mbio zinafaa kwa kazi hiyo kuliko nyingine yoyote, kwa sababu hutaki kusimama hata hivyo. Omba meza ya chumba cha chini, si cha ghorofani. Usikimbie kwa wiki mbili. Tembea jioni, lala mapema, na usimkubalie mtu anayekualika kwenye mechi ya walimu na wanafunzi ya mwisho wa mwaka. Ukianza kufikiria mwaka unaofuata, subiri proklamasyo ipite ndipo uamue, na kama jibu ni ndiyo, karatasi ya ombi iwe mezani kwa prefe shule zitakapofunguliwa tena, ikiwa na jina la mwenzako yuleyule ikiwa bado anakubali.